Tulipopiga Hodi Kwetu

Tuanze na jogoo, maana bila yeye hakuna mtu ambaye angeweza kuelekezwa nyumbani kwetu.

Sisi ni mume na mke. Tunaishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande ambao mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Mmoja wetu anafundisha darasa la tatu, lenye wanafunzi 87 na madawati ya wanafunzi 50. Mwingine ni fundi cherehani. Tuna watoto watatu walioko shule za bweni, tuna mbwa, paka, jogoo, na tuna Mama. Mama ni mzazi wa mmoja wetu, lakini amekaa nasi miaka 14, na siku hizi mgeni akiuliza ni mama wa nani tunalazimika kufikiri kidogo kabla ya kujibu. Tukisema "mmoja wetu" humu, ndugu msomaji usihangaike kutafuta ni yupi. Tumekubaliana kugawana lawama nusu kwa nusu, kama tunavyogawana kila kitu isipokuwa blanketi.

Jogoo tulimnunua kwenye mnada baada ya ibada. Mnajua unavyokwenda: asiye na fedha ameleta mayai au mkungu wa ndizi kuwa sadaka yake, mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wote anainua kitu juu, na mtu aliyekuja kwa ajili ya Neno anarudi na kabichi nne. Jumapili ile mmoja wetu alisimama mbele na wanakwaya, mwingine nyuma kabisa na watoto wa shule ya Jumapili. Jogoo alianza na elfu kumi. Wa mbele akasema kumi na mbili. Wa nyuma, ambaye tayari alikuwa amepanga mchuzi wa jioni, akasema kumi na tano. Wa mbele hakuona anashindana na nani, alisikia tu kwamba huko nyuma kuna mtu mgumu, naye akaona vibaya mwanakwaya ashindwe mbele ya watu. Tulipofika elfu thelathini vigelegele vilianza. Tukaishia elfu arobaini na tano. Usharika mzima ulijua kinachoendelea, mchungaji akiwemo, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Tulipolalamika baadaye tuliambiwa kwamba fedha zile zilikuwa za paa.

Jogoo wa elfu arobaini na tano hachinjiki. Kisu kiliinuliwa mara mbili, na mara zote mbili mmoja wetu alianza kupiga hesabu ya kila paja lingekuwa shilingi ngapi. Kwa hiyo anaishi, na anawika. Anawika saa tatu usiku, anawika saa nne usiku, na siku kikao cha kamati ya ujenzi kilipochelewa sana aliwika karibu na saa sita. Alfajiri, kazi aliyoumbiwa, amelala.

Mbwa anaitwa Simba, jina alilopewa kabla hatujamfahamu. Radi ikipiga huingia chini ya cherehani, na wateja wawili wamewahi kukanyagiwa mishono ovyo kwa sababu fundi alikuwa anatafuta pa kuweka mguu. Wezi wamekuja mara mbili. Mara zote mbili Simba aliwapokea kama wageni wa sinodi. Paka naye anaitwa Paka, kwa kuwa suala la jina lake lilipelekwa kwenye kikao cha familia na akidi haijatimia mpaka leo.

Akidi haitimii kwa sababu tuko kwenye vikao vingine. Jumatatu ni kamati ya ujenzi. Jumanne ni kwaya. Jumatano mmoja wetu yuko Umoja wa Wanawake, na mwingine, kwa kuogopa kubaki nyumbani na jogoo, akajiunga na kikundi cha maombi. Alhamisi ni chama cha kuzikana, ambako mmoja wetu ni mhazini. Ijumaa ni kwaya tena. Jumamosi ndiyo kubwa kuliko zote: kamati ya kutembelea wazee na wagonjwa, ambayo mmoja wetu ni mwenyekiti wake na mwingine katibu. Utaratibu wa kamati hauruhusu jambo hilo, lakini utaratibu wenyewe tuliuandika sisi.

Watu wakituuliza tunawezaje yote hayo, tunainamisha macho na kusema ni neema tu. Tukifika nyumbani tunaulizana, "Umesikia walivyosema?"

Hapo ndipo swali letu lilipo, na tumelibeba kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kuliandika. Kazi tunayojitolea, hatulipwi senti, tunarudi tumechoka, na mikono imenufaika kweli: wazee wameoga, wajane wamepata sukari, wafu wamezikwa kwa heshima. Je, inawezekana kazi njema namna hiyo ikawa ni namna ya kumkimbia mtu?

Ishara ya kwanza ilikuja dukani, nasi hatukuiona kuwa ishara. Mama mmoja alilipa nusu ya fedha za sare za mtoto wake anayeanza darasa la kwanza. Ninyi mnawajua mafundi. Neno letu ni "kesho", nalo halina maana ya siku inayofuata leo. Mwezi ule tulikuwa tunashona bure sare za kwaya kwa ajili ya mashindano, magauni na mashati 24 yenye kola ya kitenge, usiku kumi na moja mfululizo. Shule zikafunguliwa Januari. Mtoto yule alikwenda shule wiki nzima na gauni la nyumbani, na mmoja wetu, yule mwingine, alimwona kwenye mstari wa asubuhi akisimamishwa pembeni na wasio na sare. Mama yake alipokuja kudai tulimwambia kwa upole kabisa kwamba tulikuwa kwenye kazi ya Bwana. Akatutazama, akauliza, "Na mwanangu ni wa nani?"

Tulimrudishia fedha zake zote na sare tukashona usiku huohuo. Kisha tukasahau, maana kesho yake ilikuwa Jumanne.

Kamati yetu ya kutembelea wazee ina kanuni nne. Waende watu wanne. Wasiende mikono mitupu, bali na sukari kilo mbili, majani ya chai na sabuni ya mche. Simu zizimwe. Ya nne aliiandika mmoja wetu huku macho yakimlenga machozi: wakae si chini ya saa moja, wasitazame saa, wamwulize mzee habari za maisha yake, na wasikilize mpaka amalize hata kama hadithi hiyo waliisikia mwezi uliopita. Kanuni hiyo tumepongezwa kwayo mpaka na mitaa mingine.

Kila mwezi mwinjilisti wa mtaa hutuletea orodha, na katibu huisoma kikaoni. Mwezi ule akasoma namba 5, mzee aliyevunjika nyonga. Akasoma namba 6, wajane wawili wanaoishi pamoja. Akasoma namba 7, jina la ubatizo na jina la ukoo, kisha maelezo: mjane, miaka 81, haoni vizuri, anaishi nyumba ya jogoo wa mnada, anaomba kutembelewa. Katibu alikuwa amekwisha kuanza namba 8 ndipo sauti ikamkatika.

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta mkobani kitu ambacho hakikuwamo. Mwenyekiti, kwa sauti ambayo hatuipendi tukiikumbuka, akauliza kama hakukuwa na makosa ya uandishi. Mwinjilisti ni kijana mpole. Akasema hapana, bibi mwenyewe alimsimamisha njiani, akamwambia amwandike, kisha akamtaka amsomee alichoandika, kwa kuwa haoni vizuri.

Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Simba alituona, akaingia chini ya cherehani ingawa hakukuwa na radi.

Usiku ule tulijitetea sana, kila mmoja akimtetea mwenzake, jambo ambalo si la kawaida. Mama anakula vizuri. Dawa zake za presha hazijawahi kuisha. Ana blanketi zito, ana redio, ana binti anayemsaidia. Hajalala njaa hata siku moja katika miaka 14. Yote hayo ni kweli na bado ni kweli. Lakini hatukuwa na ujasiri wa kuingia chumbani mwake kumwuliza, tukasema tutauliza Jumamosi, kwa utaratibu.

Jumamosi tukaenda. Tulikuwa wanne, sisi wawili na wajumbe wawili, tumebeba sukari, majani na sabuni. Tungeweza kutokea mlango wa nyuma lakini mjumbe mmoja, mama mzima anayependa mambo yaende sawa, alisema hapana, tutazunguka na kuingia getini. Tulipofika getini Simba alibweka. Mbwa aliyewanyamazia wezi wawili alitubwekea sisi kwa nguvu zake zote, maana katika maisha yake hakuwahi kutuona kwetu saa nne asubuhi siku ya Jumamosi.

"Hodi," tukasema.

"Karibuni, karibuni wageni wangu."

Alikuwa barazani. Amevaa gauni la Jumapili na kilemba kipya. Viti vinne vimepangwa, na jikoni mtori unanukia tangu getini. Paka alikuwa amelala mapajani pake. Mjumbe akamsifu paka, na Mama akasema, "Huyu anaitwa Faraja." Miaka sita sisi tunasubiri akidi.

Tukakaa. Simu tulizima. Mmoja wa wajumbe akamwomba atusimulie habari za ujana wake, kama kanuni ya nne inavyosema, naye akasimulia. Alisimulia alivyobeba kahawa kichwani pamoja na baba yake kwenda kuipima kwenye ghala la ushirika, na jinsi alivyoogopa mizani. Alisimulia usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Mwenge ulipopandishwa na Alexander Nyirenda mpaka kileleni. Baba yake aliwatoa watoto wote nje, akawafunika shuka moja, wakaketi kuutazama mlima. Mlima ulikuwa umejifunika. Hawakuona hata cheche. Baba yake akawaambia wapige makofi vilevile, wakapiga makofi gizani kuelekea kwenye mawingu.

Mmoja wetu amewafundisha watoto habari za Mwenge ule kila mwaka, kutoka kitabuni, na shahidi alikuwa nyumbani kwake akisikiliza redio.

Mwishoni mjumbe akauliza swali tunalouliza kila mahali: "Bibi, una shida gani tukuombee?" Mama akasema hana shida. Akasema, "Niliwasikia hawa wanangu wakisimulia jinsi mnavyokaa na wazee saa nzima mkiwasikiliza. Nikasema, na mimi ni mzee. Hapa nyumbani naulizwa kama nimekula na kama nimemeza dawa. Nimekula. Nimemeza."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amekuja dukani.

Tangu siku ile tumeisoma mara nyingi Marko sura ya 7, pale Bwana Yesu anapowakemea walioweka utaratibu wa korbani. Mtu alikuwa na kitu cha kumsaidia baba yake au mama yake, lakini akikiita wakfu kwa Mungu, mzazi hana la kudai tena. Zamani tulipoisoma tuliwaona wale Mafarisayo, tukawasikitikia. Hatukufikiri kwamba korbani inaweza kuwa saa za jioni. Sisi hatukumnyima Mama fedha wala chakula. Tulimwekea wakfu Bwana Jumatatu mpaka Jumamosi, na kilichobaki kilikuwa Jumapili mchana, ambapo tunalala.

Kwa nini ilikuwa rahisi kwetu kumsikiliza mzee wa namba 5 saa nzima, na ya Mama dakika tano ikatushinda? Tumelijadili hili sana, hasa usiku jogoo akitunyima usingizi. Mmoja wetu anasema ni sifa: kwa wengine tunaonekana, na Bwana ametuonya katika Mathayo sura ya 6 kuhusu wanaopiga tarumbeta wakitoa sadaka. Kuna ukweli, na tumekwisha kuungama kuhusu macho tunayoinamisha. Lakini mwingine anaona si sifa tu. Ziara ya kamati ina mwanzo na ina sala ya kufunga. Ukisema amina unachukua mkoba wako. Nyumbani hakuna sala ya kufunga. Mama akianza hadithi ya mizani ya kahawa leo, ataianza tena kesho, na mwenye kumsikiliza anajua kwamba hii ni kazi isiyo na mwisho mpaka siku ambayo hatutaki kuitaja. Labda hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia. Labda mwenye kukaa karibu sana na mzazi anayezeeka anaona kitu, naye anaona afadhali kwenda kuhesabu fedha za kuzikia wengine.

Martin Luther aliandika mwaka 1522, katika kitabu chake kuhusu maisha ya ndoa, kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani, hata watu wakimcheka, Mungu na malaika wake wote wanamfurahia. Tunapenda kukumbusha kwamba alipoandika hayo hakuwa ameoa wala hakuwa amefua nepi yoyote. Alimwoa Katharina mwaka 1525, na Katharina ndiye aliyeendesha nyumba yenye wanafunzi, wageni na nguruwe. Hata hivyo alisema kweli. Tena alikuwa na mbwa, Tölpel, ambaye siku moja alikodolea macho nyama mezani mpaka Luther akatamani aweze kusali hivyo, bila wazo lingine lolote. Simba wetu humtazama Mama hivyo saa nzima. Tulidhani anasubiri mfupa. Tumechunguza, hapewi mfupa.

Hapa lazima tuseme jambo, maana tunajua baadhi yenu mmeanza kutabasamu. Kuna watu usharikani, hatuwataji, ambao wakiombwa kujitolea hujibu kwamba huduma huanzia nyumbani. Nyumbani kwao nako hawafanyi kitu. Tusisaidie udhaifu huo. Mzee wa namba 5 hana mtu, na tusipokwenda sisi hafiki mtu. Wala hatukubali kwamba saa zile tulizokaa kwake zilikuwa za unafiki, kwa kuwa aliogeshwa kweli na alicheka kweli. Tunachosema ni kwamba amri ya kupumzika, katika Kutoka sura ya 20, inamtaja mtumishi, mgeni na hata mnyama wa kazi, na sisi tuliifundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi bila kujiuliza nyumbani kwetu nani anayepumzika kutusubiri.

Kuhusu kusubiri, jambo moja tuligundua siku ileile. Mjumbe mmoja alicheka akauliza kwa nini jogoo wetu anawika usiku. Mama akaeleza, kana kwamba kila mtu anajua. Giza likiingia nasi hatujarudi, yeye huwasha taa ya barazani na kukaa, ili tusijikwae kwenye ngazi. Jogoo akiona mwanga anadhani kumekucha.

Tumemtukana ndege yule miaka mitatu.

Tumeacha kamati ya ujenzi na kikundi cha maombi cha Jumatano. Chama cha kuzikana hawajatuachia, wanasema hesabu zitapotea. Jumatano ya kwanza nyumbani ilikuwa ngumu, tulikaa barazani wote watatu na hakuna aliyejua aanze vipi, na ilipofika saa mbili mmoja wetu alikuwa amekwisha kuchukua madaftari ya kusahihisha. Hadithi ya mizani tumeisikia mara tisa sasa. Mara ya sita mmoja wetu alitazama saa.

Katika daftari la kamati, ripoti ya ziara ile imeandikwa na katibu kwa mkono wake: "Namba 7 ametembelewa. Ana afya njema. Anaomba kutembelewa tena." Zile kilo mbili za sukari Mama alizifungia sandukuni. Jumatatu asubuhi sukari ya nyumbani ilikuwa imeisha, mmoja wetu akaenda chumbani kwake na kikombe kumwomba. Alituambia hiyo ni sukari ya wageni, tuje Jumamosi.